Hela Iko Barabarani: Kisa cha Bingwa wa Marathoni wa Nyanda za Juu Kusini

Kinachochambuliwa

M. ni mkimbiaji wa marathoni kutoka Nyanda za Juu Kusini. Kwa misimu miwili na nusu hakuna mwanamke wa ukanda huu aliyemshinda kwenye mbio za barabarani. Akaalikwa nje ya nchi, na mfupa wa mguu ukapata ufa wakati ambao kila mtu alisema ndiyo kwanza anaanza kung'ara. Sasa amerudi barabarani. Kisa hiki nimekiandika kwa ajili ya makocha, walimu wa michezo na wazazi wenye binti anayekimbia. M. mwenyewe ameyasoma maandishi haya na kuyaridhia. Jina, wilaya, majina ya mashindano na muda wake kamili vimeondolewa. Viwango vya fedha vimebadilishwa kidogo, ila mgawo wenyewe umeachwa kama ulivyokuwa.

Wengi waliomfahamu husema alivunjwa na mazoezi makali. Sikubaliani nao. Programu yake ya mazoezi nimeiona, na haikuwa mbaya hata kidogo. Kilichomvunja ni ratiba ya mashindano, na ratiba hiyo ilipangwa na watu ambao wote walipata hela pale tu M. alipokimbia.

Usuli

Alizaliwa kwenye kijiji cha karibu mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, familia ya viazi na pareto. Shule ya msingi aliiwakilisha kwenye UMITASHUMTA, michezo ya shule za msingi, sekondari akaenda UMISSETA, ile ya sekondari, kwa mita 1,500 na 3,000. Kidato cha nne hakikwenda vizuri. Akapata mtoto, akamwacha kwa bibi yake kijijini, akashukia Mbeya kwa mama yake mkubwa mwenye banda la chakula Mwanjelwa. Alfajiri alikimbia, kufika saa mbili asubuhi yuko kwenye masufuria.

Kwa hewa na milima hatuna cha kuwaonea wivu wenzetu wa Arusha na Manyara. Mbeya mjini ni karibu mita 1,700, Njombe na Makete ni juu zaidi, Kitulo ndiyo usiseme, mita 2,600. Tofauti ni kwamba kaskazini kuna makambi, kuna wakongwe waliokimbia wakarudi kufundisha, na mawakala wa nje wanajua njia ya kufika. Binti wa huku mwenye mbio ana njia tatu: ahamie kaskazini, aingie jeshini au kwenye chombo kingine chenye timu ya riadha, au abaki na kocha wa kujitolea. M. alibaki. Sababu ilikuwa mtoto. Kila mwisho wa mwezi alipanda basi kwenda kumwona, na Arusha ingemnyima hilo.

Kocha wake alikuwa mkimbiaji zamani, mchana ni fundi wa kuchomelea mageti. Kundi lake lilikuwa na vijana wachache, wasichana wawili tu. Mbio ndefu za Jumamosi zilianzia Uyole na kupanda barabara ya Tukuyu, kwa sababu barabara kuu ya Zambia ina malori ya Tunduma usiku na mchana na hakuna mtu mwenye akili anayempeleka mwanafunzi wake kule gizani. Alijua kazi yake. Jambo hilo nalisema mapema, maana kisa hiki si cha kocha mbaya.

Mgawo

Hapa ndipo pa kutulia.

Hakukuwa na karatasi. Siku M. alipoanza kushinda, walikaa chini ya mwembe nyuma ya karakana ya kocha wakakubaliana kwa mdomo. Kocha asilimia 30 ya kila zawadi. Mdau mmoja mfanyabiashara, aliyekuwa akitoa nauli na hela ya kulala, asilimia 20. Kaka yake M., aliyejitolea “kufuatilia mambo ya usajili na benki”, asilimia 10. Kwenye zawadi ya shilingi milioni 3, kocha alichukua 900,000, mdau 600,000, kaka 300,000. M. akabaki na 1,200,000, na humo akatoa kodi ya chumba, viatu na matunzo ya mtoto.

Asilimia 60 kuondoka ni nyingi, lakini tusikimbilie kuita huu wizi. Kocha hakuwa na mshahara wa riadha hata senti moja. Mdau alitoa nauli kabla hajajua kama itarudi. Walichokosa kukiona ni hiki: mwezi ambao M. amepumzika, hakuna kati yao aliyepata kitu. Mguu wake uligeuka ng'ombe wa maziwa wa nyumba nne, kila nyumba inakuja asubuhi na kibuyu chake, na hakuna aliyepewa kazi ya kukata majani.

Kocha alikuwa na msemo wake, na kundi zima liliuimba: “Hela iko barabarani, binti yangu. Nyumbani kuna usingizi.”

Yaliyotokea

Msimu wa kwanza alishinda mbio za kilomita 21 mara kadhaa, akaezeka nyumba ya bibi kwa bati. Msimu wa pili, mwaka 2023, alikimbia kilomita 42.195 kwa mara ya kwanza akashinda kwa zaidi ya dakika nne, muda ukiwa chini kidogo ya saa 2 na dakika 40. Kwa mtu anayeshinda kwenye jiko la kuni kuanzia saa mbili asubuhi, huo ni muda wa ajabu.

Septemba ya mwaka huo Magdalena Shauri akashika nafasi ya tatu Berlin kwa saa 2:18:41, mbio zilezile ambazo Tigst Assefa wa Ethiopia alizimaliza kwa 2:11:53 na kuweka rekodi ya dunia ya wakati huo. Video ikazunguka kwenye simu za kundi zima. Msichana wa kuosha masufuria Mwanjelwa akaona kwamba Mtanzania mwenzake anaweza kusimama pale mbele. Kocha naye akaona. Mdau akaona zaidi ya wote. Mazungumzo ya kiwango cha Olimpiki ya Paris, yaani saa 2:26:50 kwa wanawake, yakaanzia hapo.

Kisha ukaja muda uliowapoteza. Kwenye mbio moja ya hukuhuku, inayoanzia juu uwandani na kumalizikia mjini bondeni, M. alimaliza kwa saa 2:29. Wakapiga hesabu: zimebaki dakika tatu tu! Hawakujua, au hawakutaka kujua, kwamba njia ile isingekubalika popote. Ili muda utambuliwe kimataifa, njia hupimwa na mpimaji mwenye kibali kwa baiskeli yenye kihesabio maalumu. Odomita ya gari haihesabiki, na saa ya mkononi vilevile. Kwa rekodi masharti yanazidi: mteremko kati ya mwanzo na mwisho usizidi mita moja kwa kila kilomita, maana yake karibu mita 42 kwa marathoni nzima. Njia ile ilishuka mamia ya mita. Muda halisi wa M. wakati ule, kwenye njia tambarare, nadhani ulikuwa karibu na 2:35.

Wakala wa nje akapatikana, mwaliko ukaja wa jiji moja la Asia. M. akashika nafasi ya tatu, zawadi dola 5,000. Kodi ya nchi ile ikaondoka na 1,000, wakala akachukua asilimia 15 yake ya kawaida, dola 750. Zikabaki 3,250. Mgawo wa chini ya mwembe ukala 1,950. M. dola 1,300, na humo mdau akakata tena hela ya viza.

Ila hata hizo hazikufika haraka. Waandaaji wengi hawalipi zawadi mpaka majibu ya vipimo vya dawa zilizokatazwa yatoke, na hiyo ni miezi. Wakati dola zinasubiriwa, mdau anadai nauli ya ndege aliyotanguliza, mwenye chumba anadai kodi, mtoto anaanza chekechea. Suluhisho likawa lilelile: mbio za 21 wiki mbili baada ya kutua, nyingine wiki tatu mbele, halafu marathoni ya ndani. Kwa miezi kumi na moja M. alikimbia marathoni nne, pamoja na mbio nane za kilomita 21. Wakimbiaji wakubwa wa dunia hukimbia marathoni mbili kwa mwaka, tatu wakijitahidi sana.

Mwili ulianza kusema mapema. Hedhi ilikatika kwa nusu mwaka. Alimwambia msichana mwenzake tu, naye akamjibu kile ambacho nimekisikia kwenye makundi mengi: ni dalili kwamba mwili umekubali mazoezi. Akawa anachoka kwenye vilima alivyokuwa akivipanda huku akipiga soga. Uso ukapauka. Kisha maumivu kwenye muundi wa mguu wa kulia, pahali padogo pa kufunika kwa kidole gumba.

Akapigwa picha ya eksirei kwenye hospitali moja, akaambiwa hakuna kitu. Picha haikukosewa. Ufa wa aina hii unaotokana na kugongagonga mara nyingi hauonekani kwenye eksirei ya wiki za mwanzo. Tatizo ni kwamba “hakuna kitu” ilipofika kambini ikawa “ruksa kukimbia”. Kaka akanunua diklofenaki, dawa ya kutuliza maumivu, duka la dawa. Marathoni ya nne, kwenye kilomita ya 31, akiwa wa kwanza, mguu ulikataa. Waliokuwa kwenye pikipiki ya kuongoza mbio wanasema hakulia. Alikaa kwenye ukingo wa mtaro, akafungua namba kifuani pini mojamoja, akazipanga pini zote nne kwenye kiganja, akaomba maji.

Maamuzi, na kwa nini yalifanywa

Uamuzi wa kwanza haukuwa wa M. Mdau aliacha kupokea simu. Kocha aliendelea kumjulia hali lakini mazoezi yake yakahamia kwa yule msichana wa pili, na kwa mfumo waliokuwa nao sioni angefanya nini kingine. Binti aliyelala na mguu haleti asilimia 30.

Mama mkubwa ndiye aliyefanya uamuzi wa pili. Alimrudisha bandani, akamkataza kusimama, akamweka kukaa akichambua mchele na kupokea hela. Alimpeleka kliniki kwa muuguzi anayemfahamu. Muuguzi huyo, mwanamke wa makamo, hakuanza na mguu. Alimuuliza: “Mwanangu, tangu uamke jana umekula nini na nini?” Jibu lilikuwa: kikombe kikubwa cha chai ya rangi baada ya kilomita 30, ugali na mboga za majani saa saba na chai, usiku kiazi na chai. Vipimo vikaonyesha damu iko chini na akiba ya madini ya chuma imekwisha. Chai nzito inayonywewa pamoja na chakula hubana chuma cha mboga na maharage kisiingie mwilini, na huku kwetu, penye chai ya Tukuyu na Mufindi, nani anakula bila chai? Hakumkataza. Alimwambia aisogeze saa moja mbali na chakula, ale maharage na machungwa, dagaa na maini inapowezekana, akampa vidonge vya chuma.

Hedhi kukatika, damu kupungua na mfupa kupata ufa ni tatizo moja lenye nyuso tatu: chakula kinachoingia hakitoshi kazi inayofanywa, mwili unaanza kuzima baadhi ya shughuli zake ili ubaki hai, na homoni zinazolinda mifupa zinashuka. Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilitoa tamko lake juu ya hali hii mwaka 2014. Kambini kwao hakuna aliyewahi kuisikia, na sishangai.

Uamuzi wa tatu ni wa M. mwenyewe, na ndio uliobadilisha kisa. Alikuwa na akiba kidogo na dola za Asia zilizofika akiwa tayari kitandani. Watu wa nyumbani walimshauri anunue bodaboda. Akakodi ekari mbili za viazi kijijini, akaongezea mkopo wa kikoba cha mama mkubwa. Hesabu yake ilikuwa rahisi: nahitaji hela inayokuja nikiwa nimekaa.

Mguu ulipopona alirudi kwa kocha yuleyule. Wengi walimlaumu. Yeye alisema, “Mwalimu ananijua mwendo wangu. Tulichokosea ni malipo.” Wakakaa tena, safari hii na mwalimu wa michezo wa sekondari na mwanasheria, na wakaandika. Kocha atalipwa posho ya shilingi 250,000 kila mwezi, M. akikimbia au akipumzika. Atapata asilimia 10 kwenye marathoni mbili tu za mwaka zilizochaguliwa pamoja Januari. Mbio nyingine zote, asilimia sifuri. Wakala anabaki na 15 zake. Anayetanguliza nauli anaandikiwa deni, analipwa deni lake, hana hisa kwenye mguu. Kaka akaondolewa.

Matokeo

M. alirejea kwenye mashindano baada ya zaidi ya mwaka mmoja. Hedhi ilikuwa imerudi kabla hajaanza mazoezi ya kasi, na hilo lilikuwa sharti la muuguzi. Mbio yake ya kwanza ya 21 alishika nafasi ya tano, wakasema amekwisha. Marathoni ya kwanza alishinda. Ya pili, nje ya nchi, kwenye njia iliyopimwa inavyotakiwa, ndiyo muda wake bora halali hadi leo, chini ya saa 2 na dakika 32.

Paris ilimpita, na kiwango cha Mashindano ya Dunia ya Tokyo 2025 kilikuwa saa 2:23:30, mbali naye. Bingwa wa ukanda amekuwa tena. Bingwa wa dunia si yeye, na katika hesabu zake za sasa hilo halimo.

Na kaka hawasalimiani.

Uchambuzi

Ushahidi mkubwa kwamba tatizo lilikuwa malipo uko kwenye tukio dogo la msimu wa kurudi. Waandaaji wa mbio moja walimpigia kocha simu, zawadi ya kwanza shilingi milioni 2, wiki nne kabla ya marathoni waliyoichagua. Mtu yuleyule aliyekuwa akisema hela iko barabarani alijibu hapohapo kwamba binti hayupo. Sioni kwamba aliokoka ghafla. Kwa mkataba mpya hakuwa na chochote kwenye milioni 2 zile, na alikuwa na kitu cha kupoteza kama M. angefika kwenye marathoni amechoka. Ukitaka kujua kocha atashauri nini, soma kwanza analipwaje.

Ndiyo maana mwanariadha mwenye mshahara huwa na faida ambayo haionekani kwenye saa. Alphonce Simbu, aliyeshinda dhahabu ya marathoni Tokyo 2025 kwa saa 2:09:48 akiwa na muda uleule na Mjerumani Amanal Petros aliyemfuatia, ni askari wa JWTZ. Mshahara haumkimbizi mtu, lakini unamruhusu kuikataa mbio. M. alilazimika kujitengenezea mshahara huo kwa viazi.

Na viazi vina yao. Msimu mmoja bei ilianguka, madalali wakataka lumbesa, gunia lililojazwa kupita kipimo, kama kawaida yao, posho ya kocha ikalala miezi miwili. M. akaingia mbio ya 21 ambayo haikuwa kwenye mpango ili alipe. Mguu ulihimili, lakini ilikuwa njia ileile ya zamani, akiipita na macho wazi. Mkataba haukuwa na kifungu cha mwezi mbaya. Ulipaswa kuwa na akiba ya miezi mitatu kabla ya kusainiwa, au posho ndogo inayopanda mavuno yakija.

Upande wa afya, kilichosaidia hakikuwa kifaa. M. huweka alama ya nyota kwenye daftari la mazoezi siku za hedhi, na daftari hulikagua mkimbiaji mwanamke wa zamani aliyekubali kuja kambini mara moja kwa mwezi. Nyota zikikosekana miezi miwili mfululizo, kilomita zinapunguzwa na kliniki inatembelewa. Kocha haulizi wala haambiwi zaidi ya “punguza”. Kuna wanaosema kocha wa kiume ajifunze kuzungumza mambo haya waziwazi. Kwa vijiji vyetu na mabinti wa miaka kumi na saba, nadhani mpango huu ni bora, angalau kwa sasa.

Kuhusu eksirei, sina la kuwalaumu wapiga picha. Maumivu ya mfupa yanayofunikwa na kidole gumba, yanayozidi ukikimbia na kuuma hata usiku, yapumzishwe hata kama picha ni safi, na picha irudiwe baada ya wiki mbili au tatu. Dawa ya maumivu inayomezwa ili mtu aweze kukimbia mbio ya 42 inapaswa kumtisha kila aliyepo kambini.

Njia iliyowadanganya bado inatumika. Waandaaji hawajafanya kosa lolote, mbio ya mteremko ni burudani na watu wanaipenda. Kocha amejiwekea utaratibu wa kuandika muda wa njia zisizopimwa kwa penseli, na uliopimwa kwa kalamu.

Mkataba wa sasa unakwisha Juni. Kocha ameomba posho ipande hadi 350,000. M. ameomba kiongezwe kifungu cha uzazi, kwamba akipata mtoto wa pili posho isitishwe kwa miezi atakayokuwa nje ya mbio na kazi ya kocha imsubiri. Kocha anasema posho isipositishwa yuko tayari kusaini. Rasimu iko kwa mwanasheria.